Kopo la Kusukutulia

Kopo lilining'inia kwenye msumari kushoto mwa mlango, na kila aliyeajiriwa tanurini kwetu alioneshwa kopo kabla ya kuoneshwa unga. Fundi hakuwa na maelezo marefu. Alilishusha, akaligonga kwa kidole likalia, kisha akasema, "Humu hamtukanwi. Ukitukana, kopo hilo, mfereji ule pale nje. Sukutua mara tatu, halafu rudi kazini." Akalirudisha msumarini, akakuonesha bomba la mfereji na pa kutundika shati lako.

Jina lake silitaji hapa. Hata mkewe alimwita Fundi, na mimi niliyefanya kazi chini yake miaka tisa sikuwahi kumwita vingine. Tanuri letu lilikuwa nyuma ya soko, katika uchochoro ambao watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi alikotoka. Tulioka mikate ya boflo, ya asubuhi na ya alasiri, na mtaa mzima ulijua saa kwa harufu yetu.

Alikuwa mfupi, mkavu, mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Mkate ukitoka motoni aliugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole na kuutegea sikio. Ukilia vizuri, aliuweka kwenye rafu. Ukilia vibaya, aliurudisha bila kusema neno, na sisi tulijua kwamba mmoja wetu atalisikia neno hilo baadaye. Mtu yeyote akimwita, hata mleta kuni, aliitika "Naam," akageuka mwili mzima kumtazama. Sijapata kumwona akiitika kwa mgongo.

Aliamini unga unasikia. Hamira, alisema, ni kitu hai, na kilicho hai hakipendi kutukanwa, na isitoshe mkate ni riziki ya watu ambao hawakukukosea chochote. Siku moja hayupo, mimi na mwenzangu tulichukua donge moja tukalitukana kila tusi tulilolijua, kwa zamu, tukilinong'onea kwa karibu. Donge likaumuka kuliko yote. Tulipomwambia, tukicheka, alilitazama lile donge kwa huruma.

"Limeumuka kwa hasira," alisema. "Haya, kopo hilo. Nyote wawili."

Tukaenda mferejini mbio, mmoja akimsukuma mwenziwe, maana bado tulikuwa tunacheka. Leo nikiikumbuka siku ile ndipo ninapojua kwamba tulikuwa na raha.

Usidhani alikuwa mtu laini. Juha, bwege, zebe, hayo aliyaruhusu, na mwenyewe aliyatumia kwa ukarimu. Hayawani lilikuwa na mjadala; siku nyengine lilipita, siku nyengine halikupita, kwa kadiri ya joto la tanuri. Mwanaharamu lilikwenda mferejini moja kwa moja. Na aliyemgusa mama wa mtu, huyo alisukutua, kisha hakushika unga siku ile nzima. Alipelekwa kupasua kuni. Mleta kuni wetu, Yohana, mtu wa Bara, Mkristo, alipoambiwa masharti siku ya kwanza aliuliza, "Na mimi, Fundi, nitasukutua kwa dini ipi?"

"Kwa dini ya mkate," Fundi akamjibu. Yohana akasukutua mara nyingi sana mwaka ule, kisha akaacha kutukana kabisa, mpaka mkewe akaja kuuliza tumemfanya nini.

Lakini huyo huyo Fundi aliweza kukuchuna ngozi kwa adabu. "Ndugu yangu," angekwambia mbele ya watu wote, kwa sauti ya upole, "hivi leo umekuja kazini, au umepita tu kutusalimia?" Wallahi ningependelea anitukane. Siku moja niliangusha sinia zima la mikate, akanipiga begani kwa ule ubao wake wa mpini mrefu wa kutilia mikate motoni. Bega likavimba siku tatu. Na papo hapo akaniuliza, "Umeumia, mwanangu?" kwa huruma ya kweli, kana kwamba aliyenipiga alikuwa mtu mwengine.

Alikuwa na ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Ndugu huyu aliingia tanurini siku moja akatukana, akaoneshwa kopo, akakataa. Hakukanyaga tena mle ndani. Miaka saba Fundi alimpelekea mkate kila asubuhi kwa mkono wa mtu mwengine, na miaka saba hawakusemezana. Tulijaribu kuwapatanisha, tukashindwa. Ndugu alipokufa, Fundi ndiye aliyemwosha, na waliokuwapo wanasema alikawia kwenye kinywa cha maiti muda mrefu, akikisafisha taratibu, mpaka wakamwambia inatosha.

Na bado mtu huyo huyo alikuwa haukosi mpira wa Mnazi Mmoja. Alikaa makusudi karibu na wale mashabiki ambao matusi yao yangeweza kuezua paa, akawasikiliza huku machozi ya kicheko yakimtoka. Nilimwuliza siku moja, na hayo jee?

"Hapa pana unga?" akanijibu.

Hilo ndilo jambo la kulishika kumhusu. Sheria yake ilikuwa na mipaka, na mpaka ulikuwa kizingiti cha mlango. Ndani ya kizingiti hakuna aliyekuwa mkubwa. Tajiri mwenye tanuri, Mwarabu wa hapa hapa mjini, aliungua mkono siku moja akatoa neno. Sote tukaacha kukanda, tukamtazama Fundi. Fundi akashusha kopo. Tajiri akalipokea, akatoka nje na kanzu yake safi, akasukutua mara tatu huku watoto wa mtaa wakimwangalia, akarudi ameloa kifuani. Tulilisimulia hilo miaka. Tulijiona tunafanya kazi mahali pasipokuwa na mfano katika Unguja nzima.

Nje ya kizingiti mambo yalikuwa mengine, na sisi tuliokuwa ndani tuliyasikia na tukakaa kimya. Magunia ya unga yaliletwa na mahamali, wachukuzi wa mizigo, kutoka bandarini. Hawakuruhusiwa kuingia, kwa ajili ya vumbi na jasho. Walitua magunia kizingitini, sisi tukayavuta ndani. Na tajiri, aliyekuwa mpole kwetu, alisimama pale pale mlangoni na kuwatukana wale watu kila walipokuja. Wamechelewa, wamelowesha gunia, wamelichana, wamelitua vibaya. Aliwatukana mama zao na dini zao na rangi zao, kisha akaingia ndani akasema, "Ahsanteni, mabwana, kazi njema." Fundi alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anakata madonge. Mkono haukusita hata mara moja. Na kopo lilikuwa juu ya kichwa cha tajiri, kwenye msumari wake.

Mimi sikuliona hilo kuwa ni jambo. Nasema kweli. Niliona ndivyo mahamali wanavyosemeshwa.

Yalipokuja Mapinduzi, tajiri hakuonekana tena. Tanuri likakaa wiki kadhaa bila moto, kisha likawa mali ya serikali, na tukaletewa Mkubwa. Hilo lilikuwa jina lake kwetu. Alikuwa mtu mrefu, mtoto wa mjini, shingo imenenepa upande mmoja kama za watu waliobeba mizigo tangu utotoni. Wiki za kwanza hakusema mengi. Alizunguka, akagusa vitu, akasimama sana mlangoni. Fundi alimpokea kama alivyompokea kila mtu: akalishusha kopo, akaligonga, akamweleza. Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. Tukaona, alhamdulillahi, kumbe mtu mwenyewe ni muungwana.

Siku zenyewe zilikuwa za kuchunga ulimi. Mtu alikuwa akiitwa, na akishaitwa hukuuliza alikokwenda. Kazi yetu ilikuwa ndiyo chakula chetu, na aliyefukuzwa kazi na serikali alionekana ana lake jambo. Kila mmoja wetu aliifikiria familia yake kwanza. Nayaeleza haya si kwa kujitetea, maana hayanitetei.

Ikawa alasiri moja kuni zimeletwa mbichi, moto hauwaki, moshi umejaa, na mikate ya kwanza imetoka imebabuka nje na ndani maji matupu. Mkubwa akaingia, akaona, akamgeukia Yohana aliyekuwa ameinama na mzigo wa kuni, akamtukana tusi la nguoni, la mama, kwa sauti ya kusikika sokoni.

Sote tukaacha kazi. Fundi alifuta mikono kwenye aproni. Akaenda mlangoni, akashusha kopo, akatoka nje, tukasikia maji ya mfereji yakilijaza. Akarudi nalo, akalinyoosha kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima zote.

"Mkubwa," akasema, "kopo hilo."

Mkubwa hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitia hofu.

"We mzee."

"Naam."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua."

"Unanijua wapi?"

"Ulikuwa ukituletea unga."

Nikamtazama upya Mkubwa, na ile shingo, na mimi nikamjua. Miaka mingapi nimevuta magunia kutoka begani pake bila ya kumtazama usoni?

"Nikiuleta mpaka wapi?"

"Mpaka kizingitini."

"Na pale kizingitini, tajiri wako alikuwa akinambia nini? Sema. Nnataka hawa wasikie."

Kopo lilikuwa bado mkononi mwa Fundi, limenyooshwa.

"Sema!"

"Siwezi kulitamka humu ndani."

"Huwezi kulitamka. Lakini kulisikia ulikuwa ukiweza." Mkubwa akamsogelea. "Kila gunia. Siku moja mama yangu alikuwa mahututi, na mimi nimekuja na gunia lenu, na yule akamtukana mama yangu hapa hapa mlangoni. Nikatazama ndani. Nikakuona. Ulikuwa ukikata madonge. Kopo lilikuwa wapi, Fundi?"

Nilitaka ajibu. Miaka tisa nimemsikia mtu huyu akiwajibu watu, akiwamaliza kwa maneno sita ya adabu, na siku ile nikangoja jibu lake kama mtoto. Alifungua kinywa, akakifunga. Mkubwa alikuwa na haki, na sote mle ndani tulijua ana haki, na haki yake ndiyo iliyotuangamiza.

"Basi," akasema Mkubwa. "Leo humu tutatukana. Mmoja mmoja, kila mtu atampa mzee huyu tusi lake. Asiyetaka, mlango ule, na kesho asirudi. Anza wewe."

Akaanza na Yohana. Yohana, aliyetukaniwa mama yake dakika mbili nyuma, alitua kuni chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, labda ni moshi. Akasema, "Mshenzi," kwa sauti ndogo, akatazama miguu yake.

"Hilo tusi?" Mkubwa akacheka. "Anayefuata."

Anayefuata akasema kubwa kidogo. Wa tatu akasema kubwa zaidi. Fundi alisimama pale na kopo lake, na kila mmoja alipotukana alimgeukia mwili mzima, kama desturi yake, akamtazama anayesema.

Nilikuwa wa tano. Nililiweka tayari kichwani tusi jepesi, la kupita tu. Lakini Mkubwa akanitazama, na mimi nikaona kwamba hapa pana nafasi. Sijui namna nyengine ya kulisema. Nikamtukana Fundi mama yake, nikamtukana na mama wa mama yake, nikalipamba, nikamtia na marehemu ndugu yake, na bega alilonipiga likanirudia nikaongeza na la hapo. Lilitoka refu na lilitoka zuri. Mkubwa akacheka mpaka akashika meza. "Huyu!" akasema. "Huyu ndiye mtu." Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Tulipokwisha, Fundi akalitazama lile kopo, bado limejaa. Nilidhani atatupa sisi tusukutue, na nadhani wengine walidhani hivyo, maana tulirudi nyuma kidogo. Hakumpa mtu.

"Hili langu," akasema.

Akatoka nje. Hapo uchochoroni, mbele ya wapita njia, akasukutua mara tatu, taratibu, kinywa ambacho hakikuwahi kutukana. Wenzangu walisema mzee amechanganyikiwa. Mimi nilielewa, na sikusema, maana mwenye kuelewa alitakiwa alifuate lile kopo.

Aliporudi, Mkubwa alikuwa amesimama katika mlango. "Wewe kazi yako hapa sasa," akamwambia, akaonesha kizingiti kwa kidole cha mguu. "Unapokea magunia. Ndani huingii."

Akakaa pale, kwenye kizingiti chake, miezi minne. Magunia yalipokuja aliyapokea, na Mkubwa alitoka akamtukana, kila gunia, kwa maneno yale yale ya tajiri. Aliyakumbuka yote, na nadhani alikuwa ameyahifadhi kwa siku hizo. Sisi tuliokuwa ndani tulikata madonge. Asubuhi moja hakuja. Tukasikia amehamia shamba, Kidichi, kwa binti yake, na kwamba anakata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyekwenda kumtazama. Ijumaa moja nilifika mpaka kituo cha gari za shamba, nikasimama, nikarudi.

Kopo likawa la kuchotea unga, kisha la vipisi vya sigara, kisha halikuonekana. Mimi nilipandishwa. Mkubwa alisema anataka msimamizi mwenye ulimi, na ulimi wangu alikuwa ameshausikia. Alipohamishiwa kwengine kwenye ukubwa zaidi, tanuri likabaki mikononi mwangu.

Nataka ijulikane kwamba nilijaribu. Wiki ya kwanza nilitafuta kopo jipya, nikapigilia msumari pale pale kushoto, nikawakusanya watu nikawaeleza. Vijana wapya walitazamana wakacheka. Nikawatukana kwa kucheka kwao. Nikalisikia neno likinitoka, na kopo linaning'inia karibu na uso wangu, na watu wanangoja kuona nitafanya nini. Nikawaambia warudi kazini. Jioni nikaling'oa na msumari wake.

Kisha zikaja zile siku za foleni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, unga haba, mikate haba, na watu wanapanga mstari tangu alfajiri mpaka nje ya uchochoro. Tulitoboa dirisha dogo, nikakaa dirishani mimi mwenyewe. Mkate mmoja mtu mmoja. Kukaa dirisha lile kulitaka mdomo, na mdomo nilikuwa nao. Nilitukana wanaosukumana na wasiosukumana. Nilimtukana Bi mmoja mwenye umri wa mama yangu kwa kuuliza kama itabaki. Watu walicheka nami kwa kunipendeza, kama nilivyocheka na Mkubwa, na wakashika foleni.

Asubuhi moja jua lilinikaa machoni, sikuona sura ila mikono inayonyooshwa. Mkono mmoja ukachelewa.

"We mzee! Sogea, umelala?" nikasema, na baada ya hayo nikaongeza lile tusi ambalo nilikuwa nikiliongeza siku hizo bila ya kufikiri.

"Naam," akaitika.

Nikaijua naam ile. Nikaziba jua kwa kiganja, nikamwona. Amekonda, kofia imechanika ukingoni, kikapu cha ukili begani, na vumbi la njia ya Kidichi mpaka magotini. Alikuwa ameugeuza mwili mzima kunitazama. Na alinijua, sina njia ya kujidanganya kwamba hakunijua.

Nilitaka kusema shikamoo, Fundi. Ilikuwa imeshafika kinywani. Nyuma yake walikuwa watu mia wananitazama, na neno lile likanishinda kulitoa, mimi niliyekuwa nikitoa kila neno.

Akanitangulia yeye.

"Shikamoo, Mkubwa."

Mtu mwenye umri wa baba yangu. Alilisema wazi, bila ya kejeli, kwa adabu ile ile aliyonyooshea kopo. Watu wa foleni walikuwa wakingoja kuona nitajibu nini, na yeye pia alikuwa akingoja, mkono umenyooshwa.

"Marahaba," nikasema.

Nikampa mkate. Akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio. Ulilia vibaya, niliusikia hata mimi. Hakuurudisha. Akautia kikapuni, akasema, "Ahsante, Mkubwa," akaondoka kwa upande wa mfereji.

Aliyekuwa nyuma yake alikuwa bado anamwangalia yule mzee, akachelewa kusogea. Nikamtukana mama yake, na foleni ikasogea.